Kutembea Pahali Pamoja: Mashini Inayofuata Mguu wa Mtu

Leo jioni jaribu jambo hili. Funga kitambaa cheupe kwenye kifundo cha mguu wa mtoto wako mmoja, umwambie atembee kando ya ukuta, na wewe utembee sambamba naye kwa mwendo uleule, ukitazama kitambaa tu. Usitazame ardhi. Utaona kitambaa hakikuachi nyuma, sababu wewe nawe unaenda. Kinazunguka tu: kinapita chini kwenda nyuma, kinainuka, kinarudi mbele hewani, kisha kinashuka tena. Njia yake si duara kama gurudumu la kinga. Ni ndefu na nyembamba, kama kiazi kitamu kilicholala, na upande wake wa chini umenyooka kupita wa juu.

Ndivyo alivyofanya injinia mmoja wa Marekani, Larry Miller, aliyetumika katika kampuni ya General Motors. Katika miaka ya 1980 alimpiga filamu binti yake akikimbia kando ya motokari, kisha akafuatisha katika picha njia ya mguu wake. Akaona umbo lile lile la yai refu. Kutokana na umbo hilo akatengeneza mashini ambayo mtu anasimama juu yake, miguu inakwenda kama ya mtu anayetembea, na mtu mwenyewe habanduki pahali alipo. Mwaka 1995 kampuni ya Precor, ya jimbo la Washington, ilianza kuiuza kwa jina la EFX, na leo iko katika vyumba vya mazoezi vya dunia nzima.

Labda utauliza: gazeti la jamaa linatafuta nini katika mashini ya mazoezi? Ngoja nieleze. Katika miji yetu ya migodi, tangu Kipushi mpaka Likasi na Kolwezi, kuna wababa wengi waliokaa miaka ishirini au thelathini ndani ya kamio kubwa, ama waliosimama juu ya sementi ndani ya usine. Siku wanapofika kwa munganga juu ya sukari au presha, wanaambiwa: «Papa, utembee.» Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mwendo wa kadiri kila wiki. Lakini papa anajibu: «Nitembee na magoti gani?» Tena njia ina mashimo, kamio zinapita na vumbi, na usiku haifai kutoka. Halafu mwana wake, fundi wa kuchomelea vyuma, anaona picha ya mashini ile katika simu, anasema: «Hii hata mimi naitengeneza.»

Ni kweli, anaweza. Lakini mashini iliyopimwa vibaya itaumiza magoti yale yale ambayo iliundwa kuyasaidia. Kwa hiyo kijana, kabla ya kuwasha mashini ya kuchomelea, soma kwanza.

Kwanza tujue sababu magoti yanaipenda mashini hii. Mtu akitembea, kila kisigino kinapogusa chini, ardhi inamsukuma kwa nguvu inayopita kidogo uzito wake. Akikimbia, nguvu hiyo inafika mara mbili, hata mara tatu ya uzito. Goti likiwa na afya linavumilia. Goti ambalo gegedu yake imelika (gegedu ni ile nyama laini inayofunika ncha za mifupa) linalia. Waganga siku hizi hawasemi goti la namna hiyo lipumzishwe siku zote; wanasema litumike kwa kiasi, kusudi misuli inayolishika isilegee. Juu ya mashini hii mguu hautoki kwenye kikanyagio. Hakuna kuanguka kwa kisigino, hakuna kishindo. Uzito unahama polepole toka mguu huu kwenda ule, na mtu anabaki amesimama, amebeba mwili wake mwenyewe.

Neno hilo la kusimama ni kubwa. Kuna zile ndogo za kuweka chini ya meza, kama za kampuni ya Cubii ya Chicago, ambazo mtu anakanyaga akiwa ameketi kwenye kiti. Ni nzuri kwa viungo na damu ya miguu. Lakini aliyeketi amebebwa na kiti. Mifupa na misuli ya kusimama haipati kazi yake. Tusiziite mashini za kutembea.

Kati ya duara na mstari

Sasa tuje kwenye siri yenyewe. Inapatikana katika ua wako, kama una kinga ya zamani.

Pindua kinga, magurudumu juu. Ondoa pedali moja, ubaki na ule mkono wa chuma peke yake. Chukua ubao mwembamba wa mita moja, utoboe karibu na ncha, uufunge kwa boti kwenye mkono ule, ulegee kidogo upate kugeuka. Ncha nyingine uilaze juu ya meza, iteleze mbele na nyuma bila kuinuka. Chomeka kalamu katikati ya ubao, simamisha karatoni pembeni, na zungusha polepole.

Tazama ncha iliyofungwa kwenye kinga: inachora duara. Tazama ile ya mezani: inachora mstari mnyoofu. Na kalamu ya katikati je? Haiwezi kuwa duara, haiwezi kuwa mstari. Inachora yai. Ndilo lile la kitambaa cheupe, au karibu yake. Mimi sikusoma uinjinia, lakini siku niliyoona jambo hili nilicheka peke yangu kwa furaha.

Hesabu yake ni nyepesi. Urefu wa yai ni mara mbili ya mkono wa kinga. Mkono wa kawaida ni sentimita 17, basi yai litakuwa na urefu wa karibu sentimita 34. Kimo chake kinategemea pahali ulipochomeka kalamu. Katikati, kimo ni nusu ya duara, yaani 17. Ukiisogeza mpaka ibaki robo tu ya ubao kufika kwenye ncha ya mezani, kimo kinashuka mpaka 8 na nusu. Pahali pa kalamu ndipo kikanyagio kitakapokaa. Fundi mwerevu hachomelei kikanyagio moja kwa moja. Anatoboa mashimo manne au matano, apate kukihamisha. Goti bovu halipendi kukunjwa sana, basi papa aanze na yai la chini.

Wapi ufupi unagharimu

Watu wanataka mashini ndogo, sababu nyumba zetu za camp ni za vyumba viwili vitatu. Mashini kubwa za vyumba vya mazoezi zina urefu karibu na wa kitanda. Kijana atasema: nitakata ubao uwe mfupi. Ngoja tupime.

Chukua mkono wa sentimita 20 na chuma cha mita moja. Toka nyuma kabisa mpaka mbele kabisa, mwendo wote unahitaji sentimita 140. Chuma kikiinuka kabisa upande wa nyuma, kinalala kwa pembe ya digri 12 hivi. Kisigino kinainuka kidogo, kama katika kutembea. Sasa kata chuma kiwe nusu mita. Umeokoa sentimita 50, lakini pembe imekuwa karibu 24. Kila mzunguko kikanyagio kinakuinulia kisigino kwa nguvu, kisha kinakishusha kwa nguvu, na kifundo cha mguu ndicho kinacholipa deni. Baada ya dakika kumi vidole vinakufa ganzi. Mtu wa sukari, ambaye miguu yake haisikii vizuri, anaweza kuumia bila kujua.

Njia nyingine ya kufupisha ni kukata mkono. Mkono wa sentimita 10 unatoa hatua ya sentimita 20. Huko ni kukanyaga udongo wa matofali, si kutembea! Hatua ya mtu mzima ni sentimita 70 hivi. Hata mashini kubwa hazifiki hapo. Nyingi zinatoa 45 mpaka 50. Kwa maoni yangu, mashini ya nyumbani isishuke chini ya 35, na chuma kisipungue sentimita 80. Ukikosa nafasi, fanya mashini inayokunjwa na kusimama ukutani.

Kuna werevu mwingine unaookoa nafasi kweli. Badala ya ncha ya mbele kuteleza juu ya reli, itundike kwenye mkono wa chuma unaoning'inia. Reli inaondoka, na vumbi letu la njiani, ambalo lingejaa kwenye reli, halina pahali pa kukaa. Tena ukirefusha mkono huo juu ya kitovu chake, unapata pahali pa kushika. Mguu wa kuume ukienda mbele, mkono wa kuume unarudi nyuma, sawasawa kama katika kutembea. Si kila fundi anafikiri hivyo. Wengine wanafunga vishikio visivyotembea, navyo si vibaya kwa mzee anayeogopa kuanguka.

Upana pia uangalie. Miguu ya mtu anayetembea inapita karibu karibu, nafasi ya ngumi tu. Fundi akiweka gurudumu zito katikati ya vikanyagio, miguu inaachana sentimita 30, na papa atatembea kama bata. Nyonga zitamuuma. Gurudumu likae mbele au nyuma, si kati ya miguu.

Gurudumu zito na shaba yetu

Gurudumu hilo ni la nini? Kuna dakika ambapo mguu mmoja uko juu kabisa na mwingine chini kabisa, na uzito wako hapo haugeuzi kitu. Bila gurudumu zito mashini inasimama, ama inarudi nyuma kwa kishindo. Gurudumu lenye mwendo linakuvusha. Halihitaji kuwa kubwa kama jiwe la kinu: likizungushwa mara tatu kwa mkanda, linatunza nguvu mara tisa. Kwa mashini ndogo, hiyo ndiyo dawa.

Halafu lazima pawe na breki, mtu apate kitu cha kusukuma. Wengine wanafunga kipande cha ngozi. Kinalika, kinanuka, kinatoa vumbi ndani ya nyumba. Iko njia safi zaidi, na sisi watu wa Katanga tunapaswa kuijua. Mwaka 1824 Mfaransa Arago aliona kwamba sahani ya shaba ikizunguka chini ya sindano ya sumaku, inaivuta sindano ifuate, ingawa shaba haivutwi na sumaku. Mwaka 1855 Mfaransa mwingine, Foucault, alionyesha kwamba sahani kama hiyo inayozunguka kati ya sumaku inakuwa na moto. Wanafunzi wa teknike wanaijua hiyo mikondo ya Foucault. Weka sumaku karibu na sahani ya shaba au aluminiamu inayozunguka, bila kugusana: sahani inashikwa kama imeingia ndani ya asali. Ukienda polepole inashika kidogo, ukizidisha mwendo inashika zaidi, na ukisimama inaacha kabisa. Ukisogeza sumaku, kazi inaongezeka au inapungua. Hakuna kinacholika, wala umeme wa waya hauhitajiki. Ule mkanda wa kutembelea unaosukumwa na mota unasimama siku umeme ukikatika, huu hapana.

Basi, kijana wangu, unafikiri kazi imekwisha. Hesabu tena. Papa wa kilo 80 akisimama juu ya kikanyagio cha katikati, nusu ya uzito, kilo 40, inashuka kwenye boti ya mkono. Akizunguka mara 50 kwa dakika kwa nusu saa, ni mizunguko 1.500. Siku tano kwa wiki, mwaka mzima, karibu 390.000. Chuma kinachoka kama mtu. Ufa mdogo pembeni ya mchomeleo haupigi kelele mpaka siku unapofunguka. Pale kwenye kitovu tumia pete yenye gololi za chuma ndani, si bomba ndani ya bomba. Na miguu ya mashini iwe mipana, maana iliyo fupi inapinduka upesi.

Wewe mama ambaye unakwenda sokoni kwa miguu na kurudi na beseni kichwani, mashini hii si yako, wala usiuze kuku kuinunua. Ni ya yule aliyeketi siku nzima, na yule ambaye goti lake halitaki mawe ya njiani. Naye amwone munganga kwanza, aanze na dakika tano, na kifua kikimbana au pumzi ikikatika ashuke palepale.

Kabla papa hajapanda, funga mfuko wa mchanga wa kilo 50 kwenye kila kikanyagio, na zungusha kwa mkono mara mia moja. Sikiliza. Kisha fungua boti zote, tazama kila mchomeleo kwa taa, na ukiona mstari mweusi mwembamba kama unywele, kata kipande hicho uanze tena.