Sanamu Mbili za Dar es Salaam, na Mpagazi Aliyekosa Yake

Wengi wetu tunaosoma huku Arusha tunaijua sanamu ya Askari kama kituo tu. Unashuka Posta, unaambiwa "nikute pale Askari", mnapiga picha, mnaondoka. Iko kwenye kipilefti cha Samora na Azikiwe, katikati ya Dar es Salaam. Ni mwanajeshi Mwafrika wa shaba, bunduki yake yenye singe ameielekeza upande wa bandari. Swali ambalo hatuulizi ni hili: yule ni askari wa nani?

Tuanze na sanamu iliyomtangulia. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann. Huyu ndiye aliyeletwa 1889 kuzima vita vya Abushiri kule Pwani. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huohuo. Mwaka 1891 Wissmann alipanda hadi Kilimanjaro, akampiga Mangi Sina wa Kibosho, na baadaye akawa gavana. Kwenye sanamu yake Wissmann alisimama juu. Chini yake aliwekwa askari Mwafrika mwenye bendera, anamtazama bwana wake kwa kuinua uso, na hapo kuna simba aliyekufa. Hata asiyejua kusoma aliuelewa ujumbe: nani anatawala, nani anatumikia.

Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, sanamu hiyo haikudumu. Iling'olewa, ikasafirishwa hadi London kama nyara ya vita. Baadaye ikarudishwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Ikakaa hapo mpaka wanafunzi wa chuo hicho wakachoka nayo. Mwaka 1967 waliivuta kwa kamba ikaanguka, ikarudishwa. Mwaka 1968 wakaiangusha tena, na safari hii haikusimamishwa. Ikaenda kuwekwa stoo. Kwa hiyo sanamu iliyotengenezwa ili kutufundisha sisi utii ilikuja kuangushwa na wanafunzi wa kulekule ilikotoka.

Huku nyuma, mwaka 1927, Waingereza walisimamisha ya kwao, ndiyo hii ya Askari. Mchongaji alikuwa James Alexander Stevenson, na alitengeneza pia zile za Nairobi na Mombasa. Ukilinganisha na ile ya kwanza, kuna hatua: sasa Mwafrika yuko juu peke yake, hakuna bwana wa kumtazama. Lakini tusishangilie haraka. Huyu ni askari wa mfalme wa Uingereza, amewekwa kuwakumbuka waliotumikia upande wa Uingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Na babu zetu wengi wa Tanganyika, kama walishika bunduki kabisa, walikuwa upande wa Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck. Hao hawamo kwenye sanamu ile.

Na kuna mwingine ambaye hayumo, ndiye aliyekuwa wengi kuliko wote: mpagazi. Hapa habari inarudi nyumbani kwetu. Novemba 1914 Waingereza walishambulia Longido wakashindwa. Machi 1916 wakaichukua Moshi na Arusha, na Aprili Jenerali van Deventer akaondoka Arusha na jeshi lake kwenda Kondoa, katikati ya masika. Tope lilikamata magari. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa mizigo. Vita vilipozidi kusonga kusini, chakula na risasi viliishia kichwani mwa mtu. Pande zote mbili zilikusanya watu vijijini, wengi kwa nguvu. Makumi ya maelfu walikufa, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Waliuawa na maradhi, njaa na uchovu.

Nairobi walau mpagazi amechongwa pamoja na askari. Dar es Salaam ametajwa kwenye maandishi ya msingi wa sanamu tu, lakini ukiinua macho humwoni. Alichobakiza ni jina la soko. Kariakoo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, kwa sababu kambi yao ilikuwa pale. Kila siku watu wanashuka Kariakoo kununua nguo na simu, na wachache sana wanajua kwamba wanataja wafu wa vita.

Kwa wenzangu wa elimu mnaojiandaa na TP, iwe Longido, Monduli au Meru: picha ya sanamu hii ni zana ya kufundishia isiyo na gharama. Wapeni wanafunzi wa Historia ya Tanzania na Maadili maswali matatu tu. Nani amewekwa juu? Nani amewekwa chini? Nani hayupo kabisa? Swali la tatu ndilo gumu, maana jibu lake haliko kwenye picha. Mtoto wa Longido atalazimika kwenda kuwauliza wazee wa kwao nani alichukuliwa, alibeba nini, na kama alirudi. Wazee wenye majibu hayo wanapungua kila mwaka, na hakuna shaba iliyotuhifadhia majina hayo.