Kukata Bangili ya Mahakama

Bangili ya kielektroniki inayofungwa kwenye kifundo cha mguu kwa amri ya mahakama humweka mtu nje ya gereza huku dola ikijua alipo. Huvaliwa na mshtakiwa aliye nje kwa dhamana, na anayetumikia adhabu nyumbani kwake, na mfungwa aliyeachiwa kwa parole. Jaji wa kwanza kuamuru itumike alikuwa Jack Love wa Albuquerque, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, mwaka 1983. Wazo alilipata kwenye katuni ya Spider-Man gazetini. Kifaa kilienea upesi, lakini mabunge yakachelewa kuamua anayekikata afanywe nini.

Kifaa chenyewe kimeundwa kijilinde. Ndani ya mkanda hupita waya, au uzi mwembamba unaopitisha mwanga. Mkanda ukikatwa, mkondo huo unakatika na taarifa inatumwa kituo cha ufuatiliaji, ikionyesha saa na mahali. Bangili zinazopima pombe kwenye jasho zina vihisi vya kugundua kitu kilichopenyezwa kati ya kifaa na ngozi. Asiyethubutu kukata mkanda huizungushia karatasi ya foili ili isipate satelaiti, au huiacha tu betri iishe chaji. Kwa aliyeketi mbele ya skrini kituoni, yote hayo yana maana moja: mtu haonekani. Kwa sheria, ni mambo tofauti kabisa.

Njia ya zamani ya kushughulikia suala hili ni kulihesabu kuwa uvunjaji wa masharti. Hakimu anafuta dhamana, au bodi ya parole inamrudisha mhusika gerezani. Kwa serikali njia hii ni nyepesi: haihitaji mashtaka mapya, na kiwango cha ushahidi ni cha chini, kwani inatosha ionekane kuwa kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba alivunja sharti kuliko kwamba hakuvunja. Udhaifu wake ni kwamba adhabu haiwezi kuvuka kifungo kilichosalia, na aliyebakiza miezi michache haogopi sana. Njia ya pili ni kukifanya kitendo kuwa kosa la jinai linalojitegemea. Hapo serikali hufungua kesi upya na hulazimika kuithibitisha bila kuacha shaka yoyote ya maana, ila ikishinda, adhabu mpya inaongezwa juu ya ile ya awali.

Texas ilihama kutoka njia ya kwanza kwenda ya pili baada ya msiba. Mnamo Oktoba 2022, mtu aliyekuwa nje kwa parole, bangili mguuni, aliwaua kwa risasi wafanyakazi wawili wa hospitali jijini Dallas. Kwa maelezo ya idara ya magereza, miezi michache kabla ya hapo aliwahi kuikata bangili, akazuiliwa kwa muda, kisha akaachiwa tena. Bunge la jimbo likapitisha sheria iliyoanza kutumika Septemba 1, 2023. Sasa anayeondoa au kuzima kifaa hicho kwa kujua hukabiliwa na kifungo cha siku 180 hadi miaka 2. Akiwa chini ya uangalizi mkali kuliko wote wa parole, ni miaka 2 hadi 10. California imeshika njia ya katikati. Tangu 2014, aliyetiwa hatiani kwa kosa la kingono na kuachiwa kwa parole, akiing'oa bangili, anarudishwa jela siku 180, na hakimu hana uhuru wa kuzipunguza. Ufaransa inakitazama kitendo hicho kwa jicho jingine: mfungwa wa nje anayezima kifaa huhesabiwa kuwa ametoroka gerezani, na adhabu inafika miaka 3 na faini ya euro 45,000.

Ugumu wote wa sheria hizi umo katika maneno mawili, "kwa kujua". Mkanda uliokatwa kwa mkasi unajieleza wenyewe. Betri iliyokufa haijielezi. Bangili ya satelaiti huhitaji chaji kila siku, na mvaaji hukaa karibu na soketi mpaka ijae. Asiye na makazi, au anayefanya kazi ya usiku, anaweza kuikosa nafasi hiyo bila nia yoyote mbaya. Aidha, mawimbi hupotea ndani ya majengo ya zege, na vifaa huharibika vyenyewe. Sheria inayomlinganisha mtu huyu na aliyekata mkanda akakimbia ni sheria mbaya, hata kama ilitungwa kwa uchungu wa haki. Mahakama za Florida hudai hata katika kesi za uangalizi wa nje kwamba uvunjaji wa sharti uwe wa makusudi na wenye uzito.

Kwa sababu hiyo, taarifa ya kompyuta peke yake ni ushahidi dhaifu. Upande wa mashtaka hufanya vema kuleta mkanda wenyewe, na shahidi anayeweza kueleza kama umekatwa au umechakaa. Pia sheria nzuri hutaja wasioguswa nayo: Texas na California zinawaondolea lawama wahudumu wa afya wanaoitoa bangili ili kumtibu mgonjwa, kwa mfano mguu unapovimba.

Wasaidizi nao hawajasahauliwa. Sheria ya Florida ya mwaka 2016 haimgusi mvaaji tu. Inamkamata yeyote anayeharibu kifaa bila mamlaka, na anayemwomba mwingine afanye hivyo, kwa adhabu iliyowekwa mwaka huo kuwa hadi miaka 5 na faini ya dola 5,000. Anayeuza au kutumia mtambo wa kuvuruga mawimbi, hata bila kuigusa bangili, tayari anavunja sheria ya mawasiliano ya serikali kuu ya Marekani.