Je, Wajua? Usukani Mzito Huweza Kuanzia Kwenye Bolti ya Ethi

Je, wajua kwamba usukani wa gari la mizigo unaweza kukaza ghafla kwa sababu ya bolti moja iliyoshika kutu, huku betri ikiwa mpya, fyuzi zikiwa nzima na mota ya usukani haina kasoro? Umeme ukishatoka kwenye chanya ya betri na kufanya kazi yake, lazima urudi kwenye hasi. Vifaa vingi vya gari havina waya wao wa kuurudisha hadi betrini. Umeme hupita kwenye chesi, bodi na injini, vikiwa vimeunganishwa kwa nyaya chache za ethi. Kila ampia iliyokwenda hurudi kwa njia hiyo.

Zamani msaada wa usukani ulitokana na mafuta na pampu inayozungushwa na mkanda wa injini. Francis Davis, mhandisi aliyetoka idara ya malori ya kampuni ya Pierce-Arrow huko Marekani, aliufunga mfumo huo kwenye gari mwaka 1926, lakini ilibidi kusubiri hadi 1951 ndipo Chrysler ikauuza kwenye gari la abiria. Mota ya umeme ilianza na vigari vidogo vya Suzuki mwaka 1988. Ilipofika kwenye pikapu kubwa kama Ford F-150 ya mwaka 2011, ilikuta mzigo mzito mbele na umeme uleule wa volti 12. Malori makubwa mengi bado yanategemea mfumo huo wa mafuta, yaani haidroliki. Hata Volvo ilipoyafungia malori yake mota ya usukani mwaka 2013, iliiweka juu ya haidroliki, haikuiondoa.

Je, wajua kwamba mota ya usukani hula umeme mwingi zaidi gari likiwa limesimama? Tairi zikikatwa kona papo hapo husuguana na lami, na mota inaweza kuvuta ampia 60 au kupita hapo. Gari likishashika kasi, ampia chache zinatosha. Ndiyo maana dereva hulalamika kwamba usukani unakaza akiegesha, na fundi akilijaribu gari barabarani haoni kitu.

Sasa piga hesabu. Tuseme kiungo kimoja cha ethi kina ukinzani wa omu 0.02 tu. Zikipita ampia 60, volti 1.2 zinapotelea hapo, na bolti inachemka kwa joto la wati 72. Lakini mita ya kawaida haiwezi kuiona hiyo omu 0.02, kwa sababu nyaya za mita zenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko huo! Kile kipimo cha mlio ndicho kibaya zaidi: mita hupitisha umeme kidogo mno, kwa hiyo hata waya uliokatika ukabaki uzi mmoja bado utaifanya ilie. Mlio huo umegharimu watu fedha nyingi, maana kompyuta ya usukani ikikosa ethi nzuri hujizima au hunyamaza, kisha mashine ya kusomea makosa inaonyesha U0131, yaani kompyuta nyingine hazimsikii mwenzao. Fundi mwenye haraka anaagiza raki nzima ya usukani.

Kinachofichua ubovu ni kupima volti kazi ikiendelea. Washa injini. Ncha nyeusi ya mita iguse nguzo ya hasi ya betri, nguzo yenyewe na si kishikizo chake. Nyekundu iguse ethi ya mota ya usukani. Mwenzako azungushe usukani huku na huku gari likiwa limesimama, asiung'ang'anize mwisho wa kona. Ikisoma volti 0.1 au 0.2, njia ni safi. Ikipanda hadi 0.5 na zaidi, rudi nyuma kiungo kwa kiungo, kutoka mota hadi chesi, kutoka chesi hadi betri. Pale namba inaposhuka ghafla, umekivuka kiungo kibovu.

Mara nyingi utakuta kutu ya chumvi, au rangi mpya iliyopigwa chini ya kishikizo cha waya baada ya gari kunyooshwa bodi. Ukikuta waya wa injini kwenda chesi umekatika, kagua pia kebo ya pedali ya mafuta na ya gia: umeme wa stata ukikosa njia hupita humo, na kebo huweza kuungua.

Piga msasa mpaka chuma king'ae, weka washa yenye meno, kaza, kisha ndipo upake grisi kwa nje. Halafu rudia kipimo kilekile, usukani ukizungushwa, kabla ya kuagiza kifaa chochote.