Je, Wajua? Nyumba ya Bao na Hesabu ya Kusafiri

Wengi huamini kwamba mchezo wa wawili unaotaka akili ya kumpeleleza mwenzio ni poka, kwa kuwa karata zimefunikwa, na kwamba bao la kete, ambalo kila kitu kiko wazi, ni la wazee kusubiria jua litue. Iwe barazani Zanzibar au Kerenge huku Korogwe, dharau hiyo haina msingi. Januari 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza programu ya Cepheus, iliyoitegua kihesabu poka ya Texas ya watu wawili, ile yenye dau la kikomo. Ilijifunza kwa kucheza na nafsi yake, na mbinu yake ni ya uwiano: kwa karata zilezile mara inapandisha dau, mara inatulia, ili mpinzani asiisome. Siri ya poka, basi, ni bahati nasibu iliyopimwa. Siri ya bao imo ndani ya hesabu, na hiyo ni ngumu zaidi kuiona.

Chukua nyumba, lile shimo la mraba, la tano kutoka kushoto kwa mchezaji katika safu yake ya mbele. Mchezo huanza na kete 6 nyumbani, mbilimbili katika mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuingizwa ubaoni moja moja. Ukila kete 5 ukazisambaza kutoka kichwa cha kushoto, yaani shimo la pembeni la safu ya mbele, ya mwisho inaangukia nyumbani. Ukila 4 ukaanzia kichwa cha kulia, vilevile. Hapo, ikiwa nyumba haijavunjwa, ina kete zisizopungua 6 na hakuna cha kula mbele yake, unachagua: kulala, yaani kuishia hapo, au kusafiri, yaani kuzisambaza kete za nyumba. Ukilala, umehifadhi akiba, lakini mpinzani akipata kula mbele ya nyumba anaizoa yote. Nyumba ya kete 12 ikisafiri kwenda kulia, 3 zinabaki safu ya mbele, 8 zinapita nyuma ambako haziliwi, na ya mwisho inatua kichwa cha kushoto. Pakiwa na kete hapo, na za mpinzani zikiielekea, unakula tena. Zingekuwa 11, ya mwisho ingeishia nyuma. Kete moja tu imegeuza safari nzima.

Atasema mtu: kama yote yanaonekana, mwenye kuhesabu vizuri hashindwi. Kwa nadharia, huenda. Lakini kila mzunguko hubadilisha mashimo yatakayoamua mzunguko unaofuata, na kichwa cha binadamu hulemewa mapema. Ndiyo maana mafundi wa Zanzibar walimfaa mtafiti Alex de Voogt kwa tasnifu yake ya Leiden ya mwaka 1995 kuhusu umahiri wa bao. Mwingine atasema poka ina fedha, tena husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Fedha hupima hasara, haipimi fikra.

Kinachosikitisha ni uzembe wetu. Shirikisho la michezo la SHIMIWI linawashindanisha watumishi wa serikali katika bao, na ni vyema, lakini mtoto wa shule Handeni naye anastahili nafasi hiyo. Hata mmea wa mkomwe, unaotupatia kete, hufyekwa kama miiba tu. Bao lafaa somo la hesabu, subira, mashindano ya kata, mazoezi ya kumbukumbu kwa wazee, na ubao ukikosekana, mashimo 32 huchimbwa ardhini.