Hector Pieterson: Tunajua Nini Kumhusu, na Kwa Nini Tuseme kwa Usahihi



Kila mwaka inapokaribia tarehe 16 Juni, sisi mafrateri tunaokwenda vigangoni hapa Maruku kwa kazi za kichungaji huombwa kuwasaidia watoto wa Utoto Mtakatifu kuandaa igizo la Siku ya Mtoto wa Afrika. Daftari la igizo ni lile lile, limenakiliwa mara nyingi hata wino umefifia. Ndani yake imeandikwa kwamba Hector Peterson, mtoto wa miaka 13, alikuwa wa kwanza kuuawa kule Soweto, na kwamba kijana aliyembeba alikuwa kaka yake. Safari hii msichana mmoja aliinua mkono akasema: "Frateri, mwalimu wetu shuleni alisema miaka 12. Nishike ipi?"

Hatukuwa na jibu. Tulirudi seminari tukibishana njia nzima. Wengine wetu walisema: awe na miaka 12 au 13, mtoto ameuawa, ujumbe ni ule ule. Wengine walisema: kama hatujui alikuwa na umri gani, tuna hakika gani na yale mengine? Makala hii imezaliwa na ubishi huo.

Yasiyo na ubishi

Mwaka 1974 serikali ya Makaburu wa Afrika Kusini iliagiza kwamba shule za Waafrika zifundishe baadhi ya masomo, ikiwemo hisabati, kwa Kiafrikaans, lugha ya watawala wenyewe. Wanafunzi wengi hawakuielewa vizuri, na hata walimu wao walihangaika nayo. Asubuhi ya Jumatano, tarehe 16 Juni 1976, maelfu ya wanafunzi wa Soweto, karibu na Johannesburg, waliandamana kuelekea uwanja wa Orlando. Polisi waliwakuta huko Orlando West, wakarusha mabomu ya machozi, kisha risasi za moto.

Hector alipigwa risasi. Kijana wa miaka 18, Mbuyisa Makhubu, alimwinua akakimbia naye. Pembeni yao alikimbia dada yake Hector, Antoinette, akilia. Mpiga picha Sam Nzima wa gazeti la The World alikuwapo, akapiga picha iliyozunguka dunia nzima. Mtoto aliwekwa katika gari la mwandishi wa habari Sophie Tema, akapelekwa kliniki ya jirani. Huko ilionekana amekwisha kufa.

Basi tayari kosa moja la daftari letu limeonekana. Mbuyisa hakuwa kaka yake Hector. Alikuwa kijana aliyemwona mtoto ameanguka akamwinua. Kwa tendo hilo alisumbuliwa na polisi, akakimbia nchi. Mama yake alipata barua ya mwisho kutoka kwake mwaka 1978, ikitoka Nigeria. Tukimwita "kaka", tunamfanya aliyetimiza wajibu wa damu. Kumbe alifanya kile alichofanya Msamaria mwema, na akakilipia kwa maisha ya uhamishoni.

Yenye ubishi

La kwanza ni umri. Hector alizaliwa Agosti 1963. Ukihesabu, siku ile alikuwa bado miezi miwili kutimiza miaka 13. Waliotoa mwaka wa kifo kwa mwaka wa kuzaliwa bila kuangalia mwezi walipata 13. Msichana wetu ashike 12.

La pili ni jina. Magazeti mengi yaliandika Peterson, lakini familia inasisitiza ni Pieterson. Na nyuma ya jina hilo liko jingine: familia iliitwa Pitso. Ilichukua jina la Pieterson ili ihesabiwe miongoni mwa machotara, ambao sheria za ubaguzi ziliwapa nafuu kidogo kuliko Waafrika weusi. Kwa hiyo herufi moja tunayoidharau inabeba habari ya wazazi waliobadili hata jina la ukoo ili watoto wapate unafuu, na bado mtoto akauawa.

La tatu ndilo zito: je, alikuwa wa kwanza? Wanaofuatilia mambo ya siku ile wanasema kabla yake alikuwa amepigwa risasi mvulana mwingine, Hastings Ndlovu, mwenye miaka 15. Yeye alipelekwa hospitali ya Baragwanath na kufia huko. Hapa falsafa inatusaidia kutenganisha maswali mawili yaliyofungwa pamoja. Wa kwanza kupigwa risasi ni swali moja. Wa kwanza kukata roho ni swali jingine. Anayesema "Hector wa kwanza" na anayesema "Hastings wa kwanza" huenda hawazungumzii kitu kimoja. Lakini sababu ya mmoja kujulikana duniani na mwingine kusahaulika ni dhahiri: mahali alipoangukia Hastings hapakuwa na kamera.

La nne ni risasi yenyewe. Polisi walidai kwamba risasi iligonga ardhi kwanza, ikadunda, ndipo ikampata Hector. Maana yake: hakuna aliyemlenga. Uchunguzi wa mwili wake ulionyesha kwamba risasi ilimpiga moja kwa moja.

Kuna tofauti gani?

Sasa turudi kwa wenzetu waliosema ujumbe ni ule ule. Jambo la nne linawajibu. Kama sisi tunasema umri hauna maana, jina halina maana, nani alifuata nani halina maana, tutawezaje kumgeukia askari na kumwambia kwamba njia ya risasi ina maana? Yeye naye atasema: mtoto amekufa, kuna tofauti gani? Anayetaka haki hawezi kuchagua ni kweli ipi aijali. Mtakatifu Thomas wa Akwino anatufundisha kwamba ukweli ni kulingana kwa akili na kitu kilivyo. Kitu hakibadiliki kwa sababu sisi tuna nia njema. Naye Mtakatifu Augustino aliandika kitabu kizima kuhusu uongo, akikataa hata ule unaosemwa kwa lengo zuri.

Hatari nyingine ni ya wazi. Mtoto aliyefundishwa habari yenye makosa, siku akikutana na mtu wa kumwonyesha makosa hayo, anaweza kuitupa habari yote. Serikali ya Makaburu ilisema kwanza kwamba waliokufa siku ile walikuwa 23. Baadaye Tume ya Cillié, iliyoundwa na serikali hiyo hiyo, ilihesabu vifo 575 katika machafuko yaliyoenea nchini hadi mwanzoni mwa mwaka 1977, na wapo wanaotaja idadi kubwa zaidi. Palipo na watu wenye sababu ya kupunguza, sisi tusiwape nafasi kwa uzembe wetu.

Kanisa linaijua kazi hii. Tangu karne ya 17 Wabollandi, kundi lililoanzishwa na Wajesuiti, wamekuwa wakichambua habari za watakatifu, kutenga hadithi na tukio. Hawakuharibu heshima ya mashahidi. Na kule Soweto kwenyewe, kanisa Katoliki la Regina Mundi, ambamo wanafunzi walikimbilia na polisi wakawafuata kwa risasi, ndimo baadaye Tume ya Ukweli na Maridhiano ilimoketi kusikiliza mashahidi. Ukweli ulitangulia, maridhiano yakafuata.

Na sisi Watanzania

Habari hii si ya mbali. Vijana wengi waliokimbia baada ya tukio lile walifika kwetu. Serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa ANC shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, Morogoro, wakajenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa tarehe 6 Aprili 1979. Leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Na mwaka 1991 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliifanya 16 Juni kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika.

Tumelisahihisha daftari. Hector Pieterson, miaka 12. Mbuyisa, jirani mwema. Tumeongeza pia nafasi ya Hastings Ndlovu, na tumeliondoa neno "wa kwanza". Tarehe 28 Desemba Kanisa huwaadhimisha Watoto Mashahidi wa Bethlehemu bila kujua idadi yao wala jina la hata mmoja, na haliulizi nani alitangulia. Kwa Mungu kila mmoja wao anajulikana. Sisi ambao tumebahatika kujua majina mawili ya watoto wa Soweto, angalau tuyaandike sawasawa.