Tola Moja ya Risasi

Huenda mkastaajabu kuona bastola imeingia katika ukurasa huu wa mila na lugha. Mimi si mpiga shabaha, wala sijapata kumiliki silaha. Kilichonivuta ni mizani, na mizani ni jambo tulilolelewa nalo sisi watu wa Pwani, chuoni na sokoni pia.

Wazee wetu wanaikumbuka tola. Ndiyo waliyopimia masonara dhahabu ya bibi arusi, na wauza udi nao hawakuwa nyuma. Asili yake Bara Hindi, na mwaka 1833 Waingereza waliokuwa wakitawala huko waliipitisha kuwa punje 180. Punje hiyo ni uzito wa kale uliochukuliwa kutoka kwa chembe ya shayiri, na Waarabu nao wana habba yao kwa maana iyo hiyo. Kwa hesabu ya leo tola ni gramu 11.66. Madukani kwetu punje imekwisha kusahauliwa. Walakini huko Marekani wako watu waipimao kila jioni mezani kwao, nao ni wale wajijaziao risasi wenyewe kwa ajili ya mashindano ya bastola. Na kichwa cha risasi wakipendacho mno kwa bastola ya kipenyo cha 40 kina uzito wa punje 180. Tola kamili!

Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki nyuma yake, baruti ndani, na kichwa mbele. Ganda huokotwa baada ya kupigwa, likasafishwa na kujazwa tena. Mtu hufanya kazi hii kwa kupunguza gharama, lakini aghalabu ni kwa sababu anataka kila risasi iwe ndugu wa mwenziwe.

Hapo ndipo taabu inapoanza, kwani kichwa cha risasi hakikubali kwa wepesi kuwa sawa na kingine. Anayemimina madini yake mwenyewe kalibuni huchanganya risasi na bati na antimoni ili ipate ugumu, na bati na antimoni ni nyepesi kuliko risasi tupu. Mchanganyiko ukibadilika kidogo, uzito nao hubadilika. Madini yakiwa hayakupata moto wa kutosha hayajazi pembe za kalibu. Tena kuna kiputo cha hewa, adui asiyeonekana. Kwa nje kichwa ni kizuri, kinang'aa, na ndani mna tundu. Mtutu ukikizungusha mara moja kwa kila inchi 16, nacho kinakwenda futi 945 kwa sekunde, basi kinajizungusha mara 700 na zaidi katika sekunde hiyo moja. Chenye tundu upande mmoja huyumba kama pia mbovu ya mtoto. Macho hayataligundua tundu hilo, mizani italishuku.

Lakini mimi naona lililo zito zaidi ni la hukumu. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IPSC, liliasisiwa mwaka 1976 mjini Columbia, Missouri. Sheria yake hutaka nguvu ya risasi ijulikane: uzito wa kichwa kwa punje huzidishwa kwa mwendo wake kwa futi, kisha hugawanywa kwa 1,000. Katika daraja waiitayo Standard, mwenye kudai nguvu kubwa sharti afikishe 170. Akifika, pigo lililokosa kati ya shabaha likaangukia eneo la C humpa pointi 4, na la D pointi 2. Asipofika hupata 3 na 1, na si kwa pigo moja tu, bali mashindano yote tangu mwanzo huhesabiwa upya.

Waamuzi huchukua risasi 8 kutoka kwa mshindani. Moja hung'olewa kichwa na kupimwa, na 3 hupigwa mbele ya mashine ya kupima mwendo. Sasa tazameni. Kichwa cha punje 180 kwa futi 945 ni 170.1, amepita. Kichwa cha punje 179 kwa mwendo uo huo ni 169.155, ameanguka. Na desimali hazihesabiwi kabisa, hata 169.9999 ni 169. Isitoshe, kichwa kilichopimwa sicho kilichopigwa. Kimoja husimama kuwa shahidi wa wenziwe wote, na kikitokea kuwa kile kimoja chepesi katika sanduku zima, ushahidi wake ndio unaopokewa.

Tuliosoma Suratul Mutaffifin tungali wadogo tunajua imewaonya watu gani: wajipimiao kwa utimilifu na kuwapunja wenzao. Huyu mpiga shabaha hakumpunja mtu, amepunjwa na kalibu yake mwenyewe. Ndiyo maana wenye busara hupima vichwa kimoja kimoja na kuvitenga kwa mafungu. Wengine huongeza mwendo kidogo ili hesabu ifike 173 au 175, mfano wa muuzaji aliyefunzwa kuuinamisha mkono wa mizani upande wa mnunuzi. Nyongeza hiyo huilipia kwa teke la bastola mkononi, na teke humchelewesha kupiga tena.

Anayekosa kufika hupewa nafasi. Hupigwa 3 nyingine, na katika zote 6 huchukuliwa 3 zenye mwendo mkubwa zaidi. Ikiwa bado hazitoshi, imebaki risasi moja, na mwenyewe ndiye achaguaye: ipigwe, akitumaini mwendo, au ing'olewe kichwa ipimwe, akitumaini ni nzito kuliko ile ya kwanza. Aliyevipima vichwa vyake nyumbani anajua la kusema. Asiyevipima husimama pale akiitazama risasi yake kama anayeiona kwa mara ya kwanza.