John Harkes: Nahodha wa Damu ya Uskoti Aliyependwa Washington

Katika historia ya soka la kulipwa jijini Washington, ni vigumu kumtaja kiungo aliyebeba tabia ya timu yake kama alivyoibeba John Harkes, nahodha wa kwanza wa D.C. United, ambaye alizaliwa Marekani lakini mpira wake aliurithi kutoka kwa wazazi waliohamia huko wakitokea Uskoti. Kiungo ni mchezaji wa safu ya kati, anayewaunganisha walinzi na washambuliaji. Wapo viungo wanaopendwa kwa ufundi wa miguu yao, na wapo wanaopendwa kwa sababu kila aliyeko uwanjani huona jinsi wanavyojituma. Harkes hakukosa ufundi, lakini mahali pake halisi palikuwa katika kundi hili la pili.

Alizaliwa tarehe 8 Machi 1967 huko Kearny, jimbo la New Jersey, mji uliopokea Waskoti wengi tangu karne ya 19, walipofuata kazi katika viwanda vya nyuzi na vya matandiko ya sakafu vilivyoanzishwa na makampuni ya kwao. Wafanyakazi hao walikuja na mpira wao, kiasi kwamba timu ya kiwanda cha nyuzi cha Clark ilitwaa kombe la chama cha soka cha nchi hiyo miaka mitatu mfululizo, kuanzia 1885 hadi 1887. Baba yake Harkes alitoka Dundee, naye kijana alikulia katika mazingira ambamo soka lilichezwa na kubishaniwa kila siku, wakati ambapo sehemu kubwa ya Marekani haikulijali. Tony Meola na Tab Ramos walikulia eneo hilo hilo, na wote watatu walikuwemo katika kikosi cha taifa cha Kombe la Dunia mwaka 1990 na 1994. Damu hiyo haikuishia kwake, kwani mwanawe Ian, kiungo pia, alisajiliwa na D.C. United mwaka 2017 kisha akaenda kuichezea Dundee United, katika mji ule ule alikotoka babu yake.

Baada ya kucheza Chuo Kikuu cha Virginia chini ya kocha Bruce Arena, Harkes alihamia Uingereza mwaka 1990 na kujiunga na Sheffield Wednesday, ambako hakuna aliyetarajia makubwa kutoka kwa Mmarekani. Alianza kwa kuziba pengo la beki wa kulia aliyeumia, na mwezi Desemba mwaka huo, katika mechi ya Kombe la Ligi dhidi ya Derby County, alipiga shuti la umbali wa zaidi ya mita 30 lililompita Peter Shilton, kipa mkongwe wa timu ya taifa ya Uingereza, bao lililochaguliwa kuwa bora la msimu. Aprili 1991 Wednesday iliifunga Manchester United 1-0 katika fainali ya kombe hilo, na miaka miwili baadaye, katika fainali nyingine iliyochezwa Wembley, Harkes alifunga bao la kwanza dhidi ya Arsenal, ingawa timu yake ilipoteza 2-1. Msomaji wa Tanzania atamkumbuka Mbwana Samatta, aliyefunga katika fainali ya kombe hilo hilo mwaka 2020, Wembley pia, Aston Villa ikipoteza kwa matokeo hayo hayo mbele ya Manchester City. Na kama Samatta alivyokuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, ndivyo Harkes alivyokuwa Mmarekani wa kwanza.

Hata hivyo, mapenzi makubwa zaidi aliyavuna Washington, aliporejea mwaka 1996, Marekani ilipoanzisha ligi mpya ya kulipwa. Kocha alikuwa Arena, mwalimu wake wa chuoni, na kikosi kilifanana na vitongoji vya Maryland na Virginia, vyenye wahamiaji wengi kutoka El Salvador na Bolivia: Raúl Díaz Arce alitoka El Salvador, huku Jaime Moreno na Marco Etcheverry wakitoka Bolivia. Etcheverry ndiye aliyekuwa fundi, mwenye mguu wa kushoto uliotoa pasi ambazo wengine hawakuziona; Harkes alikimbia, alikaba, alizibia wenzake nafasi walizoziacha wazi na kupaza sauti pale timu ilipolegea. Si sahihi kuipima kazi hiyo kwa mabao pekee, kwa maana uhuru wa fundi kusahau ulinzi hulipiwa na jasho la mwenzake.

Timu ilianza vibaya, ikipoteza mechi ya kwanza kabisa ya ligi hiyo huko San Jose, lakini tarehe 20 Oktoba 1996 ilijikuta katika fainali dhidi ya Los Angeles Galaxy kwenye uwanja wa Foxboro, karibu na Boston, katika mvua ya dhoruba iliyotuamisha maji juu ya nyasi hata mpira ukawa unakwama. Galaxy iliongoza 2-0, zikiwa zimebaki dakika chini ya 20, kabla Tony Sanneh na Shawn Medved hawajasawazisha. Na katika muda wa nyongeza, uliochezwa kwa kanuni ya bao la dhahabu, yaani anayetangulia kufunga anashinda papo hapo, Etcheverry alipiga kona na Eddie Pope akaunganisha kwa kichwa. Harkes alilipokea kombe akiwa nahodha wa mabingwa wa kwanza wa ligi hiyo. Mwaka uliofuata fainali ilichezwa nyumbani, katika uwanja wa RFK, mbele ya watazamaji 57,431, na D.C. United ikaifunga Colorado 2-1. RFK ulikuwa na majukwaa yaliyojengwa ili yaweze kusogezwa, kwa kuwa uwanja ulitumiwa pia kwa michezo mingine, hivyo mashabiki waliporuka kwa pamoja jukwaa lenyewe lilinesa chini ya miguu yao. Wageni walitishika, wenyeji walijivunia.

Ukali uliomfaa Harkes kazini ulimgharimu pia. Katika Kombe la Dunia la 1994 aliikosa mechi ya mtoano dhidi ya Brazil kwa sababu ya kadi mbili za njano. Pigo kubwa zaidi lilikuja Aprili 1998, pale kocha Steve Sampson, aliyekuwa amemtangaza kuwa nahodha wa maisha wa timu ya taifa, alipomwacha nje ya kikosi cha kwenda Kombe la Dunia nchini Ufaransa akitaja dosari za uongozi. Mwaka 2010 Sampson alieleza hadharani kwamba palikuwa pia na jambo la faragha, lisilohusu uchezaji. Ni haki kusema kwamba kocha ana wajibu wa kulinda umoja wa chumba cha kubadilishia nguo. Ni haki vilevile kusema kwamba timu iliyokwenda bila Harkes ilipoteza mechi zake zote tatu na kushika mkia kati ya timu 32.

Washington haikumtupa. Alirudi RFK akiwa bado na kitambaa cha unahodha mkononi, na tarehe 16 Agosti 1998, majuma machache baada ya Kombe la Dunia alilolikosa, D.C. United iliifunga Toluca ya Mexico 1-0 na kuwa klabu ya kwanza ya Marekani kutwaa ubingwa wa vilabu wa Amerika ya Kaskazini, ya Kati na Karibi.